Gobori, na Bomba Lisilo Mtutu

Leo tumekusudia kuzungumza habari za bunduki ile ya zamani iitwayo gobori, yaani bunduki ya kushindiliwa kwa mbele. Sababu ya kuichagua habari hii ni kwamba vijijini mwetu hawakosekani vijana wenye mikono myepesi na akili ya ufundi, ambao wakiokota kipande cha bomba la maji na kipande cha mninga huona kama bunduki imekwisha kuwa nusu. Wengine hulikata bomba lile fupi liwe bastola, wapate kulificha ndani ya nguo na kwenda nalo porini kutafuta kanga au nguruwe. Sisi hatutawafundisha kazi hiyo. Tutaeleza jambo ambalo ni gumu zaidi kuliona kwa macho, nalo ni kwa nini kitu kile, hata kikifanana na bunduki kwa kila hali, si bunduki.

Kwanza na tuangalie gobori lenyewe. Kila bunduki ina mtutu, ambao wazee wa pwani waliuita pia kasiba. Ina kitako cha kushikia na kuegemeza begani. Na ina mtambo wa kuwashia moto. Tofauti ya gobori na bunduki za siku hizi ni kwamba mtutu wake una mlango mmoja tu. Nyuma umezibwa kabisa, wala haufunguki. Basi kila kitu huingia kwa mbele: kwanza baruti, kisha kitambaa au nyuzi za kuizuia, kisha risasi moja ya duara au marisaa, yaani risasi ndogo ndogo kama punje za mtama. Vyote hivyo husukumwa hadi chini kwa ufito mrefu uitwao mdeki. Kazi hiyo ndiyo kushindilia, nayo humchukua mtu aliyezoea zaidi ya robo dakika, na asiyezoea dakika nzima au zaidi. Mwindaji wa gobori aliyekosa shabaha mbele ya nyati aliyekasirika hakuwa na nafasi ya pili, ndiyo maana wawindaji wengi wa zamani walikwenda wengi pamoja, wala hawakwenda peke yao.

Baruti yenyewe ni mchanganyiko wa vitu vitatu: shura, kiberiti cha unga na makaa ya miti. Makaa na kiberiti ndivyo viwakavyo. Shura hutoa hewa ya kuwashia, hata moto ukaweza kuwaka ndani ya mtutu uliozibwa ambamo upepo hauingii. Wataalamu wawili wa Uingereza, Noble na Abel, walipoichunguza baruti katika miaka ya 1870, waliona ya kuwa si yote igeukayo gesi. Kwa uzito, kiasi cha sehemu 43 tu katika 100 huwa gesi, na zile 57 zilizobaki huwa moshi mzito na masizi. Kwa hiyo gobori likilia, mwindaji hufunikwa na wingu jeupe asimwone mnyama, na ndani ya mtutu hubaki uchafu mweusi. Uchafu huo hupenda maji kama chumvi ipendavyo. Ukiachwa usiku mmoja wakati wa masika, asubuhi chuma kimeanza kushika kutu. Jambo hili la kutu tutalirudia, maana limewaumiza watu wengi.

Sasa, moto huingiaje? Hapo zamani palikuwa na bunduki ya mrao, ambayo ilikuwa na utambi uwakao polepole. Mtu akivuta, utambi ule hushuka juu ya baruti kidogo iliyowekwa penye kifa, yaani mahali pa tundu dogo lipelekalo moto ndani. Wareno walikuja na silaha za namna hiyo katika pwani yetu tangu safari zao za kwanza mwaka 1498 na baadaye. Shida yake ni kwamba utambi huzimika kwa mvua, na harufu yake na mwanga wake humwarifu mnyama kabla ya wakati. Ikafuata bunduki ya gumegume, ambayo jiwe gumu lilishikwa katika mdomo wa nyundo ndogo, na nyundo ikiangukia kipande cha chuma cheche hutoka na kuangukia kifa. Bunduki hii ilitawala dunia kwa karibu miaka mia mbili.

Aliyeipindua alikuwa mchungaji wa kanisa. Jina lake Alexander John Forsyth, naye alikuwa na kanisa lake Belhelvie, katika Scotland. Bwana huyu alipenda sana kuwinda ndege wa majini, akachukizwa kuona ya kuwa ndege huuona mwako wa gumegume penye kifa, wakaruka kabla risasi haijawafikia. Maana katika gumegume kuna kitambo kidogo baina ya mwako wa nje na mlio wa ndani. Akaanza kufanya majaribio ya dawa ambazo hulipuka zikigongwa, zisihitaji cheche, na mwaka 1807 akapata hati ya serikali kuwa uvumbuzi ule ni wake. Miaka michache baadaye mafundi wengine waliiweka dawa hiyo ndani ya kikombe kidogo cha shaba, na hiyo ndiyo fataki. Tangu hapo kifa kikawa kama chuchu ya chuma inayovikwa fataki. Nyundo huipiga, na moto huingia moja kwa moja. Magobori mengi ambayo babu zetu waliyashika yalikuwa ya gumegume au ya fataki. Twastaajabu kidogo kuwa hamu ya mchungaji mmoja ya kupata bata ilibadili silaha za majeshi yote ya Ulaya, lakini mambo ya ufundi huenda hivyo mara nyingi.

Hata hapa msomaji kijana aweza kusema: "Haya yote nayafahamu, nami nyundo na kifa naweza kuvipata." Kweli, mtambo si sehemu ngumu. Sehemu ngumu ni ile inayoonekana rahisi kuliko zote, yaani bomba.

Bomba la maji limetengenezwa kwa kazi ya maji. Katika miji mingi maji husukuma ukuta wa bomba kwa nguvu isiyofika ratili 100 kwa kila inchi mraba. Baruti iwakapo nyuma ya risasi, husukuma kwa ratili elfu kadhaa kwa kila inchi mraba, tena si polepole kama maji bali kwa kishindo, katika sehemu ndogo sana ya sekunde. Wala hili halihusu unene peke yake. Mtu hutazama bomba nene akasema, "Hili litahimili." Hajui ya kuwa bomba nyingi hutengenezwa kwa kukunja bamba la chuma hata kingo zake zikakutana, kisha zikaunganishwa kwa moto. Kwa hiyo pana mshono unaokwenda kwa urefu wake wote, hata kama umesuguliwa usionekane.

Nao mshono huo umekaa mahali pabaya kuliko pote. Hesabu za mafundi zaonyesha ya kuwa gesi ikibanwa ndani ya bomba lililozibwa, nguvu itakayo kulipasua kwa urefu ni mara mbili ya nguvu itakayo kulikata katikati. Mtazame ganda la kunde likikauka juani: hupasuka toka kichwani hadi mkiani, halivunjiki vipande viwili. Bomba hufanya vivyo hivyo, na hapo ndipo mkono wa kushoto wa mwenye kulenga umekaa.

Mafundi wa zamani walilijua jambo hili bila hesabu, kwa kuona tu. Katika miji kama Birmingham na Liège, mitutu mizuri ya karne ya kumi na tisa ilifanywa kwa ukanda wa chuma uliozungushwa kama mtu afungavyo bendeji kidoleni, ukafuliwa kwa moto mpaka ukawa kitu kimoja, ili kiungo chake kizunguke mtutu wala kisiende kwa urefu. Hata hivyo waliogopa. Fundi aliyefanya kazi ile miaka thelathini hakuliamini jicho lake mwenyewe, naye alikuwa na haki, maana ndani ya chuma mwaweza kuwa na ufa mwembamba kuliko unywele, au chembe ya takataka ya tanuru, na nje kuking'aa kama kioo.

Kadhalika sehemu ya nyuma. Katika gobori la kweli, mtutu umezibwa kwa kizibo cha chuma kilichokatwa mizunguko ya parafujo na kukazwa ndani ya mizunguko iliyokatwa katika mtutu wenyewe. Gesi isukumayo risasi mbele husukuma kizibo nyuma kwa nguvu ile ile, wala haichagui. Kikilegea, huwa ndiyo risasi, na shabaha yake ni jicho la kulia la mwindaji. Wauguzi wa hospitali za wilaya wanayajua majeraha ya namna hii: vidole vilivyokatika, jicho lililotobolewa, na punje za baruti zilizozama katika ngozi ya uso zisitoke tena.

Tena kuna udanganyifu mmoja ambao twaomba wasomaji wausikilize sana. Mtu husema, "Mjomba wangu alikuwa na bunduki ya bomba, akaipiga mwaka mzima, wala haikumdhuru." Twaamini kuwa ni kweli. Chuma hakipasuki siku ya kwanza lazima. Kila kishindo huongeza ufa kidogo sana, na kila masika kutu hula ukuta kutoka ndani. Bunduki iliyolia mara arobaini salama haikutoa ushahidi wa kuwa itahimili ya arobaini na moja. Huenda ikawa imekaribia tu siku yake.

Basi watu wa Ulaya walipoona ya kuwa jicho la fundi halitoshi, walifanya nini? Walijenga nyumba za majaribio. Chama cha mafundi wa bunduki wa London kilipewa hati ya mfalme mwaka 1637, na katika kazi zake mojawapo ilikuwa kujaribu mitutu. Liège walikuwa na nyumba yao tangu 1672. Birmingham ilipata yake kwa sheria ya bunge mwaka 1813, na sheria ile ikafanya kuwa kosa kuuza mtutu usiojaribiwa. Namna ya kujaribu ilikuwa hivi: mitutu mingi hupangwa ndani ya chumba chenye kuta nene, kila mmoja umeshindiliwa baruti nyingi kupita kipimo chake cha kawaida, kisha watu hutoka, mlango hufungwa, na moto hupelekwa kwa njia ya baruti iliyomwagwa mstari. Baada ya kishindo mlango hufunguliwa, na mitutu hukaguliwa mmoja mmoja. Uliopasuka, uliovimba au ulioonyesha ufa ulitupwa. Uliosalimika ulipigwa muhuri.

Mihuri hiyo yaweza kuonekana hata leo katika magobori ya zamani, karibu na mwisho wa nyuma wa mtutu. Wa Liège una herufi ELG ndani ya duara refu. Wa Birmingham, ule wa tangu 1813, una fimbo mbili za kifalme zilizopishana na taji juu yake. Wa London una herufi G na P zilizofungamana, na taji. Twapenda wanafunzi waliangalie jambo hili wakifika katika nyumba za makumbusho, maana alama ndogo kama ukucha ndiyo tofauti baina ya bunduki na bomba. Yaani chuma kile kimekwisha kujaribiwa mahali pasipo mtu. Mwenye bunduki ya bomba naye hufanya jaribio lile lile, ila yeye hufanya chumba cha majaribio kuwa ni kifua chake.

Pengine yafaa kueleza namna silaha hizo zilivyotufikia kwa wingi. Katika miaka ya 1860 na 1870 majeshi ya Ulaya yaliacha bunduki za kushindilia, wakachukua zile zifungukazo nyuma. Waingereza, kwa mfano, walianza kuzigeuza zao mwaka 1866. Bunduki kuukuu zikabaki ghalani kwa maelfu, na wafanya biashara wakazinunua kwa bei ndogo na kuzileta Afrika, pamoja na nyingine zilizofanywa makusudi kwa biashara hiyo. Unguja ilikuwa mlango mkubwa. Balozi wa Kiingereza aliyekuwa huko, Euan-Smith, aliandika mwaka 1888 kuwa kwa makadirio bunduki baina ya 80,000 na 100,000 zilipita kila mwaka kuingia bara kupitia bandari za pwani. Zilikwenda na misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Zilikwenda Unyanyembe, Ujiji, Manyema. Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yake kwa vijana wa rugaruga waliobeba magobori.

Kisha mataifa yalikutana Brussels, na mkataba wao ukatiwa sahihi tarehe 2 Julai 1890. Walikubaliana kuzuia bunduki kuingia katika Afrika baina ya latitudo 20 ya kaskazini na 22 ya kusini. Sababu waliyoitaja ilikuwa kukomesha vita vya watumwa, na hilo lilikuwa jema. Lakini msomaji asisahau kuwa mataifa hayo hayo yalikuwa yakigawana nchi, wala hayakutaka kukutana na bunduki nzuri mbele yao. Walakini mkataba uliacha mlango mdogo wazi: bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuruhusiwa chini ya ulinzi wa serikali. Hivyo bunduki mpya zikabaki mikononi mwa askari, na gobori likabaki kwa mwanakijiji. Matokeo yake yalionekana Mahenge tarehe 30 Agosti 1905, wakati wa Maji Maji, watu wenye mikuki na magobori machache walipolikabili boma lenye bunduki za mtombo za Wajerumani.

Na baruti na fataki za dukani zilipokuwa adimu, na mitutu ya zamani ilipochakaa kwa kutu, ndipo wahunzi wa vijijini walipoanza kutengeneza yao kwa chuma chochote walichokipata. Hatuwadharau wahunzi wale. Wengi wao ni mafundi hodari wa majembe, mashoka na visu. Lakini jembe likivunjika, mwenye shamba hucheka na kurudi nyumbani.

Turudi sasa kwa bastola, maana ndiyo inayowavutia vijana zaidi kwa sababu ya udogo wake. Kwa uwindaji, bastola ya kushindilia ya bomba ina ubaya wote wa gobori la bomba, na mwingine juu yake. Baruti haiwaki yote mara moja. Huwaka huku risasi ikisafiri ndani ya mtutu, na gesi huendelea kuisukuma mpaka itoke mdomoni. Katika mtutu mrefu risasi husukumwa muda mrefu. Katika mtutu wa urefu wa shubiri moja, risasi imekwisha kutoka kazi ikiwa haijaisha, na baruti iliyobaki huwaka nje hewani, ikitoa mwali mkubwa na kelele nyingi bila faida. Ndiyo maana bastola huonekana kali kuliko ilivyo. Kijana huona moto umetoka futi nzima, akadhani nguvu ni nyingi. Kumbe ule moto ni nguvu iliyopotea. Naye huenda akaongeza baruti, na kuongeza baruti ndiko kunakopasua.

Pili, kulenga. Bastola haina kitako cha begani, na mtutu wake mfupi hufanya kosa dogo la mkono kuwa kosa kubwa penye shabaha. Askari wapanda farasi wa zamani waliobeba bastola za kushindilia walizitumia kwa adui aliyekuwa hatua chache tu mbele yao. Mnyama wa porini hamngojei mtu hatua chache. Kwa hiyo anayempiga kwa bastola ya bomba aghalabu humjeruhi tu: mbawala hukimbia na risasi tumboni, akafa siku ya tatu kichakani akaliwa na fisi, wala mwindaji hapati nyama. Akiwa ni nguruwe dume, au nyati, habari huwa nyingine, na huenda wakaionja watoto watokao kuteka maji kesho yake, wala si mwindaji. Katika Marekani wapo watu wawindao kwa bastola za kushindilia mpaka leo, lakini silaha zao hutengenezwa viwandani kwa chuma cha pua kilichopimwa, na sheria za majimbo yao hueleza ni silaha ya namna gani iwezayo kutumiwa kwa mnyama gani. Kufanana kwake na ile ya bomba ni kwa umbo tu.

Yapo mengine yanayopasua hata mtutu uliojaribiwa, nasi twayataja kwa faida ya wale walio na magobori ya halali. La kwanza ni baruti isiyo moshi, ile ya bunduki za siku hizi, aliyoivumbua Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884. Wapo watu wanaoitoa katika risasi mpya na kuimimina ndani ya gobori wakidhani baruti ni baruti. Nguvu yake ni kubwa mno, nao mtutu wa zamani haukufanywa kwa ajili yake. Kiasi ambacho kwa baruti nyeusi kingekuwa kidogo, kwa hiyo huwa ni bomu. La pili ni risasi ambayo haikufika chini. Ikibaki nafasi tupu baina yake na baruti, au udongo na nyasi zikiingia mdomoni mwa mtutu, gesi hukwama mahali pamoja, na pale pale chuma huvimba au kufumuka.

La tatu ni kushindilia mara mbili. Twaweza kudhani kuwa hakuna mtu mjinga kiasi hicho, lakini katika Marekani, baada ya vita vya Gettysburg mwaka 1863, ziliokotwa uwanjani bunduki elfu nyingi, na zipatazo 24,000 zilikuwa bado zimeshindiliwa. Kiasi cha nusu ya hizo zilikuwa na baruti na risasi mara mbili. Nyingine zilikuwa na mara tatu mpaka kumi, na moja ilikutwa na mashindilio 23, moja juu ya moja. Waliofanya hivyo walikuwa askari waliofundishwa. Katika kelele na hofu mtu hakujua kuwa fataki yake haikuwaka, akashindilia tena, na tena. Mwindaji anayetetemeka mbele ya nguruwe hana akili tulivu kuliko askari wale. Na kama fataki imelia lakini bunduki haikulia, mtutu usigeuzwe wala kuchunguliwa; huelekezwa mahali pasipo mtu na kungojwa kwa dakika nzima au zaidi, kwa kuwa moto waweza kuwa unatambaa bado ndani.

Kwa habari ya sheria, hatutasema mengi. Katika Tanzania sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kumiliki bunduki bila leseni wala kuitengeneza bila idhini, nalo gobori ni bunduki. Uwindaji nao una kibali chake chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009. Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu 1977. Kijana akikutwa na bastola ya bomba hawezi kujitetea kwa kusema kuwa alitaka kanga tu, kwa sababu silaha fupi ya kufichwa nguoni hakimu huitazama kwa macho mengine.

Lakini twajua ya kuwa wengi hawatafuti kanga. Shamba la mahindi likivamiwa na nguruwe usiku mmoja, njaa ya mwaka mzima imeingia nyumbani, na mwenye shamba hana subira ya kusikiliza hesabu za ratili na inchi. Hilo ni dai la haki. Njia iliyo salama ni kwenda kwa maafisa wa wanyamapori, ambao wazee wetu waliwaita Mabwana Nyama, wakiwa wanakijiji wengi pamoja, maana mtu mmoja hungojeshwa zaidi. Na zipo njia zisizotaka baruti kabisa: zamu za usiku zenye moto na madebe, mitaro, na miiba iliyopandwa karibu karibu. Kwa tembo, watafiti katika Kenya walithibitisha mwaka 2007 jambo ambalo wafugaji wa nyuki walikuwa wakilisema, ya kuwa tembo huogopa nyuki. Nao wakulima kadhaa wamezungushia mashamba mizinga iliyounganishwa kwa waya, hata tembo akigusa waya mizinga yote hutikisika. Uzio huo haumzuii kila tembo kila siku, lakini hutoa asali, jambo ambalo gobori halijawahi kulifanya.

Limebaki neno moja juu ya gobori la babu. Katika nyumba nyingi za zamani lipo moja darini au nyuma ya kabati, limefungwa gunia, na hakuna ajuaye lilipigwa lini mara ya mwisho. Watoto hulichezea kwa sababu ni kuukuu. Fahamuni ya kuwa baruti nyeusi ikikaa kavu haifi kwa uzee. Magobori yamelia baada ya kulala miaka mingi sana. Babu aliyehofia simba usiku huenda alilitundika likiwa limeshindiliwa tayari. Basi ukilikuta, usivute nyundo, usitie kijiti cha moto penye kifa kulijaribu, wala usilichome ili kuondoa kutu. Lichukue polepole, mdomo wake ukielekea mahali pasipo mtu, uliweke palipo pakavu mbali na jiko, kisha uende kituo cha polisi au kwa mtendaji wa kijiji umweleze lilipo, waje walichukue wao wenyewe. Usilipakie katika basi.